Chura Hauzwi

Kwa Mama Dominika,
S.L.P. 74,
Sumbawanga.
7 Julai 1996.

Mpendwa kaka Leonidas,

Shikamoo kaka. Naanza na afya yako kabla ya lolote, maana barua yako ya mwisho ilikohoa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Je, kifua kimetulia? Ile dawa uliyosema utaitafuta mjini uliipata, au umeendelea kumeza vumbi la ranchi na kusema utapona tu? Na wifi yangu Bertilla, mgongo unaendeleaje? Mwambie nimemwombea, na mwambie pia aache kuinua ndoo ambazo mume wake anaweza kuziinua.

Uliandika kwamba Julai huko Ghanzi maji yanaganda kwenye ndoo. Hapo hatupishani. Upepo wa Ufipa unaujua, na mwaka huu umekuja umekasirika. Asubuhi tunaota moto hadi jua lipande ndipo mtu anakumbuka kwamba ana miguu.

Sisi wote hatujambo. Mama hajambo, ukiondoa nyonga, ambayo haizidi wala haipungui. Anakula, anasali, anagomba. Siku utakayosikia kwamba mama hagombi, hapo panda basi usiku huohuo.

Mahindi yamejaa kihenge na mengine yako ndani ya nyumba, tunalala nayo. Walanguzi wanapita na malori yao kila wiki wakitoa bei za kuchekesha, nasi tunawacheka. Ulezi ndio tunaumalizia kupiga sasa. Yale matuta ya ntumba, ya mviringo yaliyofukiwa nyasi, ambayo mama aliyasimamia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda katikati ya shamba na kutuelekeza kwa fimbo, yametoa kuliko ya jirani yeyote, na majirani wote wamekwisha kuambiwa hivyo na mama.

Sasa nishike lililonifanya nichukue kalamu. Najua kaka Adolfu amekuandikia. Amekwambia Chura amekufa, na kwamba yuko mtu huko mjini Mazwi anayemtaka amchane auze vipande, na anangoja wewe mwenye mali utoe ruhusa. Na amekwambia kwamba kwa kuwa Chura hayupo tena, mama ahamie kwake mjini mavuno yakiisha. Kaka, usimjibu. Kama umeshamjibu, mwandikie nyingine ya kuifuta ile. Chura hauzwi, na mama haendi popote. Tulia nikueleze, maana Adolfu alikuandikia alichokiona kabla mambo hayajageuka.

Wewe hukuiona siku ile pikipiki yako ya magurudumu manne ilipofika, kwa hiyo hujui tulivyo nayo. Uliipakia botini Mpulungu ukaondoka zako. Ilishushwa Kasanga, upande wetu wa ziwa, kwa mbao mbili na wavuvi waliokuwa wakibishana kama ni trekta lililozaliwa kabla ya wakati. Ilipofika kijijini, watu waliiona ilivyochuchumaa na taa zake mbili zimetoka nje, wakaiita Chura. Jina halikungoja ubatizo. Tangu siku hiyo mama anakwenda kanisani mwenyewe, yaani mimi mbele naye nyuma kwenye kile kichanja cha chuma, amekalia blanketi lililokunjwa. Anakwenda shambani. Anakwenda kugombana na watu anaotaka kugombana nao. Bila Chura, mama hupiga hatua kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kitandani.

Simlaumu Adolfu. Nyumba yake ya Mazwi ina umeme na bomba uani, na mke wake Zita ni mtu mwema. Lakini haina hata tuta moja, na dirisha la chumba alichomwandalia mama linatazama ukuta wa jirani. Mama hakumkatalia mbele yake. Alipoondoka ndipo akaniambia, "Fortunata, nikienda Mazwi nitakaa kama mzigo uliosahauliwa stendi." Nikajua hapo kwamba kazi imenifika.

Ugonjwa wa Chura ulianza mvua zilipokatika. Alianza kutoa moshi wa bluu, mzito, wa kutosha kufukuza nyuki msitu mzima. Nikipita, akina mama wanafunika vyungu. Kisha akaongeza la pili: akienda umbali wa hapa hadi mtoni, anaguguma, anaguguma, kimya. Ukimwacha akae kidogo anawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbele kidogo, ni yaleyale. Mama alikuwa akisema, "Anachoka kama mimi, mwache apumzike," na sisi tukazoea kumsubiri kama tunavyomsubiri mama mwenyewe.

Siku moja alizima kabisa njia ya mnadani, akagoma. Bahati nzuri alikuwa anapita Masanja, yule Msukuma wa Milepa anayepandisha ng'ombe huku juu. Alinitazama, akamtazama Chura, akafungua kamba. Tulirudi kijijini Chura anavutwa na maksai wawili, mama yuko juu yake amenyooka kama askofu, mimi natembea nyuma. Na bahati mbaya, Adolfu alikuwa ameshuka kwenye gari wakati uleule. Aliona msafara wote. Ndipo ile barua yake kwako ikaandikwa.

Tulimwita Enock, fundi wa Mazwi, anayetutengenezea hata mashine ya kusaga. Enock si mlaghai. Alisikiliza, akanusa ekzosi, akasema, "Sista, moshi wa bluu ni oili inaungua. Ringi za pistoni zimekwisha hizo. Na ringi za mdudu huyu huzipati hata Mbeya." Zamani tungesema ni kwa sababu ya shida ya nchi, sasa mambo yote ni ruksa, maduka ya Mazwi yamejaa spea hadi barazani, nusu yake feki, lakini za Chura hakuna anayezileta.

Mimi nilikataa, na si kwa ubishi tu, ingawa najua wewe utasema ni ubishi. Mashine ya kikundi chetu cha akina mama naiendesha mimi, na iliwahi kuisha ringi. Mashine iliyokwisha ringi haina nguvu. Ukiipa mzigo inalegea, gunia moja linakula asubuhi nzima. Lakini Chura, katika ule muda anaowaka, alikuwa anapanda kilima cha mzee Vitus na mama na gunia nyuma, wala halegei. Nikamwuliza Enock, huyu ni mgonjwa gani wa kifua anayepanda mlima anaimba? Enock akakuna kichwa. Tukakubaliana kwamba kabla ya kufungua injini tutaangalia kwanza vile visivyohitaji spea.

Sasa sikiliza kuhusu kaka yako Adolfu. Unajua alivyo, hajui kuja nyumbani mikono mitupu. Kwa mama analeta sukari, kwangu sabuni, na tangu Chura afike, kwa Chura analeta oili. Akishuka tu, kabla hata ya maji ya kunywa, anachomoa kile kijiti cha kupimia, anakitazama, anatikisa kichwa, "Mmemkausha huyu," anamimina. Jumapili ikifuata, vilevile. Yeye anaamini mgonjwa haulizwi uji.

Lakini Chura analala wapi? Betri ilikufa siku nyingi, kwa hiyo tunamlaza pale mteremkoni kando ya zizi, kichwa chini, asubuhi asukumwe awake, maana akiwa na baridi kamba ya kuwashia haimtoshi. Oili yote inakimbilia mbele. Kijiti kiko nyuma. Kila ukipima, kinasema hakuna, na hakisemi uongo, kinasema kilichopo mahali kilipo. Nyumba yetu yote imejengwa kwenye mteremko, kaka, hata chungu tunakiwekea kigae upande mmoja, na hakuna aliyefikiri kwamba Chura naye amelala mshazari.

Mahali palipo sawasawa hapa kwetu ni mahali pamoja tu, uwanja wa kupigia ulezi. Tulimsukuma hadi pale, mama akilalamika kwamba tutamwagia mafuta ulezi wake, tukampumzisha, tukapima. Kijiti kilitoka kimelowa hadi shingoni. Enock alikaa chini akacheka hadi akashika tumbo. Tulimwaga oili iliyozidi, ikajaza sufuria ninayopikia maharage, na hiyo sufuria sasa nimempa Adolfu kama zawadi.

Oili ikizidi haikai tu, inatafuta pa kutokea. Ilikuwa inapanda kwenye mpira wa kupumulia na kuingia kwenye eya klina, na ile sponji ya kuchujia hewa tuliikuta imelowa kama kitumbua kilichotoka karaini. Basi Chura alikuwa anavuta oili badala ya hewa, anaiunguza, ndio moshi. Tuliifua sponji kwa maji ya moto na sabuni yangu, tukaikamua, tukaianika juani. Plagi ilikuwa nyeusi kama kisigino changu, tukaisugua. Alipowaka alitoa moshi wa mwisho, ule uliokwama kwenye ekzosi, kisha ukawa mwembamba, kisha hakuna. Nilimtuma mtu Mazwi siku hiyohiyo akamwambie Adolfu.

Adolfu alikuja, akaona, akafurahi, lakini hakulegea. Alisema moshi ni jambo moja na kuzima njiani ni jambo jingine, na yeye hawezi kulala usingizi akijua mama anaweza kukwama porini na nyonga yake. Hapo alikuwa na haki, nami nilimwambia. Akatoa sharti: sikukuu ya Petro na Paulo, Chura amfikishe mama parokiani bila kuvutwa wala kusukumwa na mtu njiani. Akishindwa, lori linakuja kuchukua kitanda cha mama. Mama alisikia yote akiwa anapepeta ulezi, na hakuinua uso.

Asubuhi ya sikukuu nilimpandisha mama. Alivaa lile koti lake kubwa la mtumba, la bluu, lenye vifungo vya dhahabu vya jeshi la watu gani sijui, rozari mkononi, blanketi chini. Tulikwenda vizuri sana. Tulipita daraja. Nilianza hata kuimba. Tulipofika penye ile mikaratusi ya misheni, Chura aliguguma, akaguguma, kimya.

Watu waliokuwa wanakwenda kanisani kwa miguu walitupita wakitusalimu kwa sauti ya msibani. Mama akasema, "Mwache apumzike." Nami kwa kawaida ningemwacha, angepumzika, angewaka, tungefika, na angezima tena mbele ya macho ya Adolfu. Lakini siku hiyo hasira ilinisaidia. Nikajiuliza, kinachopona kwa kupumzika ni kitu gani? Si joto, maana pumzi zetu zilikuwa zinatoka mvuke kwa baridi. Oili tumeimaliza. Hewa anapata. Imebaki petroli, na petroli ipo, nilijaza mwenyewe. Nikafungua kifuniko cha tenki nihakikishe.

Kaka, tenki lilivuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikasimama na kifuniko mkononi. Nikavuta kamba ya kuwashia, akawaka mara moja.

Utakuwa umeelewa kabla sijamaliza, wewe unashinda na magari. Katikati ya kifuniko kuna kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Toboa kopo la maziwa tundu moja uone kama maziwa yatatoka, kisha toboa la pili. Chura alikuwa na tundu moja, la kutolea petroli. La pili lilikuwa limezibwa kwa nta ya nyuki, safi, imesawazishwa, na juu yake alama ya kidole gumba kilichogandamiza.

Nta ile niliifahamu, nimeiona maisha yangu yote. Ndivyo mama anavyoziba vibuyu vya asali ili visipoteze harufu, na alama ile ina mstari katikati, pale mundu ulipompasua gumba kabla mimi sijazaliwa. Nikageuka, Chura akinguruma chini yetu.

"Mama, hii nta ni ya nani?"

"Ya nyuki," akasema, anatazama mikaratusi.

"Nani ameiweka hapa?"

Alivuta punje ya rozari, kisha ya pili, nikadhani ataimaliza yote. Halafu akasema, kwa ukali, kana kwamba mkosaji ni mimi, "Nilikuwa naisikia harufu ya petroli chumbani. Kitu kikitoa harufu, kinaondoka. Asali usipoiziba inabaki maji. Ninyi mnajaza, mnatembea, nani anafikiria rizevu?"

Unakumbuka ulituandikia kwamba chini ya tenki kuna akiba, na ile koki ikigeuzwa upande wa rizevu Chura anakula akiba? Tangu barua ile isomwe, mama alikataza mtu yeyote kugeuza koki. Mimi nilidhani ni ubahili wake wa kawaida, nikamwacha. Pale barabarani ndipo aliponieleza.

"Rizevu ni ya Leonidas," akasema. "Aliandika anakuja. Akishuka stendi Sumbawanga na mizigo yake, akatuma habari, tumfuate na nini? Akute Chura amekauka, aone hatukumngoja?"

Ulisema unakuja Krismasi, kaka. Halafu ukasema Pasaka. Sikuandikii hili kukusuta, najua kazi za watu. Nakwambia tu kwamba wewe ulipoandika tarehe mpya, huku mwanamke mmoja alikanda nta akaziba tundu ili mafuta yako yasipungue. Mimi si mtu wa kulia njiani, tena nimevaa kitenge kipya. Nililia. Mama akaniambia nifute uso, watu watadhani Chura amekufa kweli.

Nilichomoa nta kwa pini ya nywele, tukaondoka. Tulifika Injili haijasomwa. Chura hakuzima tena, si kwenda wala kurudi, wala leo. Adolfu alikuwa amesimama nje ya mlango wa kanisa, anatazama barabara kama mtu anayengoja maksai. Baada ya misa nilimpa kile kidonge cha nta na kumweleza, yote, pamoja na rizevu. Alikizungusha mkononi muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunamkaba sisi wenyewe, mimi na oili, mama na nta." Nikamwambia ndiyo, na bado kidogo tungemkaba mama na umeme. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Habari ya lori hajaitaja tena. Jumapili iliyopita alikuja na misumari na bati moja, amjengee Chura banda, mahali tulipopasawazisha kwa jembe. Oili nimempiga marufuku kuigusa.

Basi hiyo ndiyo habari, nawe sasa unajua jibu la kumpa yule mnunuzi wa Mazwi. Enock amesema akimaliza kazi zake atatafuta betri ya kumfaa, na mimi nina imani Chura atatembea hadi atuchoke. Ukiweza, tuma sponji nyingine ya eya klina kwa mtu yeyote anayepitia Mpulungu; hii imefuliwa sana.

Adolfu na Zita wanakusalimu. Enock anakusalimu, anasema siku ukija mtabishana kuhusu magari hadi kuche. Masanja naye, kila akipita, anauliza kama Chura anahitaji maksai, nami namjibu kwamba maksai wake ndio watakaohitaji Chura. Msalimie sana wifi Bertilla.

Mungu aliyekuvusha salama hadi huko akulinde kifua na safari zako, na akuonyeshe njia ya kurudi kama alivyokuonyesha ya kwenda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unapochelewa kujibu,

Fortunata

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, mama amenifungulisha. Amesimama mlangoni na fimbo yake, anasema nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisipambe: "Mwambie tundu limefunguliwa. Asubuhi na jioni naisikia harufu. Mwambie mafuta yake yanaondoka, na mimi sina tena cha kuzibia."